Zaburi Ambayo Mama Hakuiimba

Mwezi uliopita, kazini kwetu Kinindo, mwenzangu mmoja aliyeshikwa na mafua alichemsha tangawizi na ndimu katika jiko dogo la ofisi. Harufu ilipita chini ya mlango ikanifikia mezani. Niliacha nilichokuwa nikiandika, nikatoka nje, nikasimama kwenye kivuli cha ukuta mpaka dereva wetu akaniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia ni jua tu. Ningemwelezaje dereva, asubuhi ile, kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa harufu ya nyumba yetu ya Cibitoke nilipokuwa mtoto, harufu ya watu wanaongoja kitu na kitu hakiji?

Mama tulimzika msimu wa mvua uliopita. Ninyi wa rika langu mliokulia mitaa ya kaskazini labda mliwahi kumsikia bila kumjua. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, watu wakimwita Madamu Sabine. Darasa lake lilikuwa na watoto wengi kuliko madawati, na hakushika fimbo kwa sababu sauti yake ilimtosha. Akisema neno moja ubaoni, watoto wa darasa la jirani nao walinyamaza. Jumapili alikuwa kwaya, mstari wa mbele upande wa wanawake. Jumamosi akifua nguo uani aliimba, na majirani walipunguza redio zao.

Baba alikuwa seremala. Karakana yake ilikuwa mbele ya nyumba, ikitazama barabara, na mimi nilikulia katikati ya vumbi la mbao na gundi. Ufundi alijifunza Buyenzi, mtaa wa Waswahili, kwa hiyo kwetu Kirundi kilikuwa cha Mama na Kiswahili cha Baba, na tulipokaa mezani vilichanganyika. Mama alitoka milimani Mugamba, kwenye baridi na ng'ombe, akaja mjini na rovu lake. Lilikuwa mbele ya shingo, kubwa kama yai la bata, likipanda na kushuka alipomeza. Kwao wanawake wengi wanalo na hakuna anayelishangaa. Mama naye hakulifunika kwa kitambaa wala kulisemea lolote.

Mimi nililipenda. Jumapili mchana, baada ya kula, tulilala mkekani yeye na mimi, naye aliimba kwa sauti ya chini hadi usingizi unishike. Niliweka kiganja changu juu ya lile rovu. Alipoimba lilitetemeka chini ya vidole kama kifaranga aliyeshikwa. Alipoacha lilitulia. Kwa hiyo nilijua sauti ya Mama inakaa wapi. Siku moja, baada ya misa, mwanamke mmoja wa kwaya alimtania: "Madamu, sauti yote hii imejaa shingoni, njo maana shingo imevimba." Watu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu kwangu hayo hayakuwa mzaha. Alikuwa amesema tu nilichokuwa nikikijua.

Nilikuwa na miaka minane hivi parokia yetu ilipoanza kujiandaa kwa jubilei. Mkuu wa kwaya alikuwa mtu mwembamba tuliyemwita Fratri. Alikuwa amesoma seminari miaka mingi akaacha kabla ya kupewa upadre, akawa mwalimu wa sekondari, lakini jina la Fratri likambakia. Jumamosi moja alikuja na fotokopi mkononi, nota zimejaa kama sisimizi, akazigawa mstari kwa mstari.

"Hii ni zaburi ya sifa," alisema. "Mataifa yote yamsifu Mungu, ni hayo tu. Fupi kuliko zaburi zote. Lakini huyu aliyeitungia muziki alikuwa Mzungu wa zamani sana, na yeye ameyanyoosha maneno. Itatuchukua karibu robo saa."

Mwimbaji mmoja wa besi aligeuza karatasi nyuma na mbele. "Fratri, huyu mutu hakukuwa na kazi ingine?"

Kwaya ilicheka, na Fratri alicheka pia, kisha akakaa kwenye kinanda cha umeme akatuchezea mwanzo. Nilikuwa nimekaa benchi la nyuma na chapati yangu. Hadi leo siwezi kusema kwa nini sikuendelea kula. Nyimbo zetu za kanisani zilipanda pamoja na kushuka pamoja, kama watu wanaolima shamba moja. Hii haikuwa hivyo. Wanawake walianza, wanaume wakawafuata na maneno yale yale kama waliochelewa, wengine wakawakatiza, kila kundi likikimbia njia yake, na mwishoni wote wakakuta wamefika mahali pamoja. Neno la kwanza lilikuwa la Kilatini, *laudate*, lakini mimi nilisikia *data*, ambalo kwa Kirundi ni baba. Nikaamini kwamba Mama na wenzake wanamwita Baba. Nikawa nashangaa kwa nini Baba, akiwa karakanani na randa yake, haji kuitika.

Karibu na mwisho kwaya ilinyamaza yote na Mama akabaki peke yake. Hapo palikuwa na silabi moja tu, silabi moja ya neno moja, na juu yake nota zilipanda kama ngazi, zikashuka, zikazunguka, zikapanda tena juu zaidi ya pale pa kwanza. Fratri alimtaka aziimbe zote kwa pumzi moja.

"Ukikata katikati," alisema, "ni kama umemwambia mutu asante halafu ukageuka kukohoa."

Mama alikata katikati. Akarudia, akakata tena. Sikuwahi kumwona akishindwa na wimbo, na nadhani hata yeye hakuwahi kujiona. Wiki nzima alikuwa akiifanyia mazoezi ile silabi nyumbani, akipiga pasi, akichambua maharage, akipanda na kushuka, na kila mara mahali pale pale pumzi ilikatika na kufuatiwa na sauti ndogo kavu, kama mlango unaokwama. Baba alikuwa akisikia kutoka karakanani. Mara moja aliacha msumeno, akangoja, pumzi ilipokatika akaendelea kukata mbao.

Ni Fratri aliyesema, bila ubaya wowote, kwamba labda lile rovu linabana njia ya hewa. "Madamu, nenda umuone muganga. Mi sijui mambo ya miili, lakini sauti yako haina shida. Shida ni hewa."

Mama alikwenda. Kadi yake ya bima ya watumishi ilifaa hospitali moja kubwa ya mjini, na huko daktari alimpiga picha, akamwambia kwamba kweli rovu limeanza kulisukuma koo upande. Linaweza kuachwa, akija kulitazama mara kwa mara. Linaweza pia kutolewa. Akamweleza kwamba nyuma ya pale hupita mshipa mwembamba unaoendesha sauti, kwamba wao huuepa, na kwamba mara chache sana huguswa. Hayo yote Mama aliyarudia nyumbani tukiwa mezani, jua bado halijazama, ugali unapoa.

Baba alisema, "Uliache."

"Amesema ni mara chache sana, Papa Keza," Mama alisema, akimwita kwa jina langu kama kawaida.

"Nimesikia. We umeishi nalo tangu ukiwa mutoto. Unakula, unafundisha, unaimba. Uliache."

"Siimbi. Nakatika."

"Wimbo mumoja tu ndio unakukata. Wampe mwingine huo wimbo."

Mama alikuwa akikusanya vyombo. Aliviweka chini tena. Nakumbuka kwamba hakuwa na hasira, na nadhani ndiyo maana Baba hakuweza kumshinda. Alisema, "Mi kila siku napiga kelele kwa watoto wa watu. Nikitoka huko napika, nafua. Hiyo silabi ndiyo kitu kimoja mi nataka kukifanya mpaka mwisho. Sina kingine ninachokuomba."

Baba alinawa mikono akatoka. Kesho yake alimpeleka mwenyewe kupanga siku.

Mimi ndiye niliyeogopa kuliko wote, kwa sababu mimi ndiye niliyejua kilichomo. Siku moja kabla ya kwenda hospitali nilimkuta Mama akikunja khanga za kubeba. Nikaweka kiganja juu ya rovu, nikamwambia wasilitoe, sauti yake imo humo. Hakunicheka. Alikaa kitandani, akachukua kiganja changu akakitoa shingoni, akakiweka kifuani. "Sauti inatoka huku," alisema. "Sikiliza." Akaimba ile silabi. Ilipanda, ikashuka, ikazunguka, ikakatika pale pale. Tukatazamana. Akasema, "Unaona? Nikirudi itafika."

Aliporudi alikuwa na bendeji shingoni na kitu kama pumzi yenye maneno ndani yake. Tuliambiwa ni kawaida, koo limechoka kwa ule mpira waliomwingizia. Tukaambiwa asiongee. Kisha tukaambiwa aongee kidogo kidogo. Jirani mmoja alileta tangawizi, mwingine akaleta asali ya Mugamba, na sufuria ndogo haikutoka tena kwenye mbabula ya makaa. Asubuhi kabla ya shule, mchana, jioni, Mama alikunywa akiwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, kisha akafungua kinywa. Sisi wawili, Baba na mimi, tulikuwa tukimtazama mdomo. Kilichotoka ni ile ile pumzi yenye mkwaruzo. Akafunga kinywa, akatabasamu kwa ajili yetu, akaenda kuosha kikombe.

Siku ya kumrudia daktari nilikwenda nao kwa sababu shule ilikuwa imefungwa. Chumba kilikuwa kidogo, na daktari alikuwa mtu mwenye uso mwema, mashavu ya mviringo, kalamu mfukoni. Aliutazama mshono akaridhika.

"Limetoka lote," alisema. "Halitarudi."

Nikamuuliza limewekwa wapi.

Alicheka. "Unalitaka?"

"Ndiyo. Sauti ya Mama imo."

Baba alinishika bega kunikanya. Daktari alikuwa bado anatabasamu, lakini alimgeukia Mama na tabasamu likapungua polepole. "Bado haijarudi?" aliuliza.

Mama akamjibu. Hata katika chumba kile kidogo daktari alilazimika kusogeza kiti.

Alichukua kioo kidogo chenye mkono mrefu, akamwambia atoe ulimi, akamulika kooni. Alitazama muda mrefu. Akamwambia aseme *a*. Akamwambia tena. Kisha akakiweka kioo kwenye sahani ya bati, akakaa, akasema kwamba upande mmoja hausogei. Inawezekana mshipa umevimba tu na utaamka. Inawezekana pia usiamke. Tungoje. Aliongea hayo yote akimtazama Baba, na Baba alikuwa akitazama kile kioo. Mimi nilielewa jambo moja: daktari hakusema nimekosea. Watu wazima wote walikuwa wamenieleza kwamba sauti haikai shingoni, na sasa nilikuwa nimeketi mbele ya mtu aliyefungua shingo akaona kilichomo, na hakubisha.

Tulingoja. Shule ilipofunguliwa Mama alirudi darasani akajaribu. Aliandika zaidi ubaoni, akapiga meza kwa rula. Watoto hawakuwa wabaya, walikuwa wengi tu. Baadhi walijifunza kumwiga, wakiongea kwa pumzi kama yeye wakati wa mapumziko, na mmoja alimwiga mbele yangu bila kujua mimi ni nani. Kabla ya muhula kwisha mkurugenzi wa shule alimpa kazi ya kutunza chumba cha vitabu. Alimwambia ni kumpumzisha. Mama alikaa humo hadi alipostaafu, akigawa vitabu asubuhi na kuvipokea mchana, na darasa lake likapewa kijana mmoja mwenye fimbo.

Halafu Fratri akaja nyumbani. Alikuja mchana, amevaa shati safi, akakaa ukingoni mwa kiti. Jubilei ilikuwa imekaribia na alikuwa amepata msichana wa kushika nafasi ya Mama, Lisette, aliyekuwa akiuza dawa kwenye famasi na kukaa Kinindo kwa mjomba wake. Sauti anayo, alisema Fratri, lakini hajui aanzie wapi, aielekeze wapi.

"Sijui niseme namna gani, Madamu. Wewe ndiwe mutu pekee unayeijua ile sehemu."

Baba alikuwa mlangoni, amejaa vumbi la mbao. "We Fratri," alisema, "we ndiwe ulimutuma kwa muganga. Sasa umekuja kuchukua nini?"

Fratri aliinamisha kichwa. Ni Mama aliyenyoosha mkono kumnyamazisha Baba, na kwa ile pumzi yake akasema Lisette aje Jumatano.

Lisette alikuja na viatu vya kitambaa na uoga. Alikuwa msichana mzuri, nataka niliseme hilo, kwa sababu nilijaribu miaka mingi kumchukia na sikupata pa kushika. Alimwita Mama *Mama* tangu siku ya kwanza. Alisimama katikati ya sebule yetu, na Mama akasimama nyuma yake na kiganja mgongoni pake, chini ya mbavu, akimwonyesha kwa kusukuma wakati wa kujaza hewa na wakati wa kuitunza. Kwa mkono mwingine alichora hewani jinsi ile silabi inavyopanda. Alikuwa akimwonyesha pia kwa mdomo, na ungedhani anaimba, mdomo unafunguka, shingo inanyooka, macho yanakwenda mbali, na hakuna kinachotoka. Lisette ndiye aliyetoa sauti. Jumatano baada ya Jumatano aliikaribia. Halafu siku moja akaifikia. Ilipanda, ikashuka, ikazunguka, ikapita mahali pale ambapo Mama alikuwa akikatika, ikapita kana kwamba pale hapakuwa na kitu, ikapanda hadi juu na kutua.

Lisette aligeuka, uso unang'aa, akamkumbatia. Mama alimpigapiga mgongo, akaonyesha kwa ishara kwamba anakwenda kuleta chai. Alikawia. Nilimfuata jikoni nikamkuta amesimama akitazama ukuta, mfuniko wa sufuria mkononi, mvuke unamlowanisha kidevu. Aliponiona aliifunika sufuria, kisha akaifunua tena, kama mtu aliyesahau hatua inayofuata. Nikamuuliza kama analia. Akasema hapana, na kweli hakuwa analia.

Mimi bado nilikuwa na matumaini, na yalikuwa na hesabu yake. Niliona hivi: zaburi ni ya kumshukuru Mungu. Mungu atakuwapo jubilei, askofu atakuwapo, mapadre wote. Mungu hawezi kukaa pale akishukuriwa robo saa nzima huku Mama ameketi benchini hana sauti. Ataona aibu. Atairudisha, na itakuwa pale pale kwenye silabi ile. Lisette ataanza na Mama atamalizia. Nililipanga jambo hili kwa makini hata nikachagua mahali pa kukaa, upande ambao Mama angeweza kutoka haraka kwenda mbele.

Siku yenyewe ilikuwa ya joto. Walikuwa wametandaza mahema hadi nje, na watu wa Kiriri, mtaa wa matajiri, walikuja na magari yao yakazuia njia. Mama alivaa vazi lake la sherehe, imvutano ya rangi ya kahawia, na shingoni, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alifunga kitambaa. Tulikaa nilipotaka. Baba alikaa mwisho wa benchi, koti likimbana. Baada ya komunyo Fratri aliinua mikono na zaburi ikaanza.

Waliimba vizuri. Wanawake waliondoka mbele, wanaume wakafuata, yale makundi yakakimbizana hadi juu ya paa la mabati, na mimi niliyeijua kwa moyo niliwasikia wote wakifika kila mahali walipotakiwa kufika. Kisha wakanyamaza. Lisette akasogea hatua moja mbele. Mama, kando yangu, alijaza hewa. Niliona mabega yake yakipanda na mdomo ukifunguka, na nikajua ni sasa. Niliingiza mkono chini ya kitambaa nikaweka kiganja shingoni pake ili niisikie ikirudi.

Palikuwa laini na penye joto, na palikuwa na mstari mgumu wa mshono. Hapakutetemeka. Lisette alikuwa akipanda, akishuka, akizunguka, kanisa zima limetulia, na chini ya mkono wangu palikuwa na mapigo ya damu tu, ya kawaida, kama ya mtu yeyote. Mdomo wa Mama ulikuwa wazi. Uliendelea kuwa wazi hadi nota ya juu kabisa. Kisha akaushika mkono wangu akautoa.

"Usinishike hapo, Keza," alisema.

Kwaya ikaingia yote kwa pamoja ikamaliza, na watu wakasahau wako kanisani. Wanawake walipiga vigelegele, askofu mwenyewe alipiga makofi. Fratri alikuwa akilia, na hakuna aliyemlaumu, nami leo simlaumu. Alikuwa ameota kitu kizuri na kimetokea. Baada ya misa watu walimzunguka Lisette uani, wakampa soda, wakapiga naye picha. Lisette alikuwa akitazama huku na huku juu ya vichwa vyao, nadhani alikuwa akimtafuta Mama, lakini sisi tulikuwa tumekwisha toka kwa mlango wa pembeni. Tulirudi kwa miguu. Baba alimshika Mama mkono barabarani, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Tulipofika nyumbani Baba alivaa nguo za kazi, ingawa ilikuwa Jumapili, akaingia karakanani.

Ningependa kuwaambia kwamba baadaye ilirudi kidogo. Haikurudi. Mama aliacha kwaya, akawa anakwenda misa ya kwanza ya asubuhi, ambayo haina nyimbo. Tangawizi iliacha kuchemshwa, sijui ni siku gani, hakuna aliyetangaza. Kwa kuwa yeye aliongea kwa pumzi, na sisi tukianza kuongea naye tulishusha sauti bila kutaka, baada ya muda nyumba nzima ikawa ya kunong'ona. Baba, aliyekuwa akipiga mluzi kazini, aliacha. Wageni waliingia kwetu wakadhani kuna mgonjwa amelala. Sekondari walimu walinilalamikia kwamba hawanisikii, na hata leo kwenye mikutano huniomba nirudie.

Katika Mungu sikuacha kuamini, kama mtadhani hivyo. Niliacha tu kumwazia kwamba anaona aibu.

Miaka ilipita namna hiyo. Baba alitangulia. Lisette aliolewa akahamia Kanada, na Fratri alihamishiwa shule ya mkoani. Shinikizo la damu lilipomlaza Mama, nilichukua likizo nikarudi Cibitoke kukaa naye. Alasiri moja, nikiwa namkata kucha, aliniuliza kwa ile pumzi:

"Keza, sauti yangu ilikuwa namna gani?"

Nikamjibu upesi kwamba ilikuwa nzuri sana.

"Nzuri kila mutu anasema. Nauliza ilikuwa namna gani."

Niliweka mkasi chini nikaitafuta. Nilikwenda uani anakofulia, nikaenda mkekani Jumapili mchana, nikaenda hadi pale kitandani kati ya khanga. Niliona mdomo wake, niliona mikono yake, nilijua hata maneno. Kila mahali, kila nilipotega sikio, aliyeimba alikuwa Lisette. Jubilei ilipigwa video, na tulikuwa na DVD yake kabatini, na nilikuwa nimeitazama mara nyingi nikiwa msichana. Mama hakuna aliyewahi kumrekodi. Nani angefikiri kurekodi kitu kilichokuwa kikisikika kila siku bure?

Aliusoma uso wangu akaelewa. Hakukasirika. Alivuta shuka hadi kifuani, akageuza uso dirishani.

"Hata mi siikumbuki," alisema. "Nilifikiri labda we unayo."

Nikachukua mkono wake mwingine, nikaendelea na kucha.